Operesheni kubwa zipelekwe hospitali maalumu peke yake? Wazee wa kwetu wanakataa, naomba ushauri

Diwani wa Koboko anauliza:

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naandika kutoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huku pembeni ambako upande mmoja ni Kongo na upande wa pili ni Sudan Kusini. Mimi ni diwani, na katika baraza letu nimekabidhiwa mambo ya afya. Udaktari sikusoma, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Tuna mzee wetu mmoja, mtu wa msikitini, ambaye watu wakigombania mpaka wa shamba humwita yeye kwanza. Ilianza chakula kumkwama. Mara ya kwanza ugali wa muhogo, baadaye hata wali, mwisho akawa mtu wa uji tu. Alipopelekwa hospitali moja ya rufaa akapimwa kwa kamera, ikaonekana ana saratani ya umio, yaani ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Daktari bingwa wa upasuaji akamkalisha pamoja na wanawe, akawaambia: kisu naweza kukishika, lakini operesheni hii sitaifanya hapa, nawaandikia barua mwende Kampala.

Wanawe walitoka pale wamenuna. Wanasema daktari yupo, thieta ipo, taa zinawaka, basi kwa nini tufukuzwe? Habari ikafika kwenye baraza. Hapo ndipo mmoja wetu aliyesoma akasema hilo si la daktari huyo peke yake, ni sera inayozungumzwa duniani kote: operesheni ngumu zikusanywe katika hospitali chache zenye utaalamu, hizi nyingine zibaki na kazi za kawaida. Wazee walipolisikia wakawaka. Sisi huku tulipigania miaka mingi kupata daktari bingwa. Leo mtu akisema kazi kubwa ziende Kampala, wanachosikia ni kwamba hospitali yetu itarudi kuwa ya kupima malaria na kugawa panado.

Wameniambia niandike hoja ya kupinga. Kabla sijaweka sahihi nataka kujua mambo mawili. Je, ni kweli kwamba hospitali inayofanya operesheni fulani mara nyingi inaokoa watu zaidi, au ni maneno ya wakubwa wa Kampala? Na kama ni kweli, sisi tunaokaa zaidi ya kilomita 500 kutoka Kampala tudai nini ili sera hiyo isitumalize?

Tafadhali mnijibu kwa lugha ya mtu wa kawaida. Nitawasomea wazee majibu yenu.

---

Dereva wa Ambulensi, Nebbi:

Mheshimiwa diwani, mimi nitasema ya barabarani tu, ya thieta wataeleza wenyewe.

Mwaka 2024 daraja la Karuma, tunalovukia mto Nile kwenda Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, sisi wa West Nile, kona hii yetu ya nchi, tulijua maana ya hospitali kuwa mbali. Magari madogo yalizungushwa Paraa, katikati ya mbuga, kisha Masindi, ndipo urudi barabara kuu. Magari mazito yalipelekwa Lira, Soroti, Mbale. Mgonjwa aliye nyuma ya gari hajui kuzunguka. Yeye anajua mtungi wa oksijeni unaisha au hauishi. Nikiwa naendesha, jicho moja liko barabarani na sikio liko nyuma, namsikiliza nesi akigonga ule mtungi na kuniambia mshale umeshuka kwenye nyekundu.

Hata siku barabara ikiwa nzuri, ukifika Kawempe unakuta foleni mpaka Bwaise, mpaka Kalerwe. King'ora unapiga, lakini teksi iliyo mbele yako haina pa kwenda. Mulago, hospitali kuu ya taifa, unaiona pale juu ya kilima na huifikii.

Kwa hiyo mimi nawagawa wagonjwa mafungu mawili. Mzee wenu wa umio anaweza kusafiri. Leo, kesho, wiki ijayo, kwa basi akiwa amekaa vizuri, ataingia Kampala salama. Lakini mama ambaye mtoto amekwama tumboni, au mtu aliyejipinda utumbo, au kijana wa boda ambaye mfupa umetokeza nje ya ngozi, hao usiwapandishe gari langu kwenda Kampala. Hao wakatwe hapo hapo karibu. Anayepanga sera aje akae kiti cha mbele safari moja tu kutoka huku, aone.

Na jambo la mafuta lisisahauliwe. Familia nyingi bado huambiwa zichangie mafuta ndipo gari liondoke. Barua ya rufaa bila mafuta ni karatasi.

---

Sista wa Wodi ya Mahututi, Kampala:

Ndugu diwani, salaam kwako na kwa wazee. Mimi ni muuguzi. Nilianza wodi ya upasuaji katika hospitali ya rufaa ya mkoa, baadaye nikahamia wodi ya wagonjwa mahututi hapa Kampala, na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Nitaandika kwa urefu, maana jambo hili nimeliona kutoka pande zote mbili na linanigusa.

Daktari wenu hakumfukuza mzee. Amefanya jambo la heshima, na wengi hawana moyo wa kulifanya. Waeleze wanawe operesheni yenyewe ilivyo. Sehemu ya umio yenye saratani hukatwa ikatolewa, kisha tumbo huvutwa juu hadi kifuani, likashonwa na kile kipande cha umio kilichobaki. Ni kazi ya saa nyingi. Daktari wenu akisema anaweza kushika kisu, mimi namwamini. Shida haiko mezani. Mgonjwa akitoka thieta, uhai wake unategemea ule mshono, na mshono huo unaweza kuvuja, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya kumi.

Unapovuja haupigi kelele. Mgonjwa atakuambia yuko sawa, labda amechoka kidogo. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 90 yanakuwa 115. Pumzi zinafupika. Ukiangalia mfuko wa mkojo unakuta kile kilichoingia saa hii ni kidogo kuliko saa iliyopita. Maji yanayotoka kwenye mrija wa kifuani yalikuwa mekundu mepesi, sasa yanaanza kuwa na ukungu. Homa inaweza kuja baadaye kabisa. Muuguzi ambaye amewauguza wagonjwa wa namna hii wiki baada ya wiki, akiona mambo hayo saa nane usiku hasubiri. Anamwamsha daktari, anatuma damu maabara, anaandaa oksijeni, anaulizia picha ya CT. Lakini muuguzi aliye peke yake na wodi nzima, wengine wamelala sakafuni, na ambaye hajawahi kumwona mgonjwa aliyetolewa umio, huyo atayaona asubuhi. Nimekuwa muuguzi huyo wa pili, wodi imejaa na mimi niko peke yangu, kwa hiyo sisemi kwa dharau. Mtu hawezi kuwa na macho ya kitu asichokiona.

Hayo ninayokueleza yamepimwa. Mwaka 2002 Birkmeyer na wenzake walitangaza katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya wazee wa Marekani waliofanyiwa operesheni za aina 14. Kwa operesheni ya kukata kongosho, katika hospitali zilizoifanya mara chache sana walikufa asilimia 16.3, na katika zile zilizoifanya mara nyingi sana asilimia 3.8. Kwa umio tofauti ilizidi asilimia 5. Ukiwasomea wazee, waambie hivi: katika kila watu 100 wa kongosho, 12 zaidi walirudi nyumbani kwao wakiwa hai kwa sababu ya mahali walipopasuliwa.

Utafiti wa pili ndio ambao sisi wauguzi tungependa kila waziri ausome. Mwaka 2009 Ghaferi, Birkmeyer na Dimick waliangalia wagonjwa 84,730. Walitaka kujua kama hospitali ambako watu wengi hufa ni zile ambako madhara hutokea zaidi baada ya operesheni. Haikuwa hivyo. Madhara yalikuwa karibu sawa kila mahali. Tofauti ni kilichofuata: katika hospitali zenye vifo vichache, kati ya waliopata madhara makubwa walikufa asilimia 12.5, na katika zenye vifo vingi walikufa asilimia 21.4. Mshono huvuja hata kwa bingwa. Linalomwokoa mgonjwa ni watu waliogundua mapema, wakawa na damu kwenye friji, wakawa na kitanda cha mahututi, na thieta ikafunguliwa usiku ule ule.

Ndiyo sababu nchi nyingine zimeandika sheria. Uholanzi iliamua mwaka 2006 kwamba hospitali isiyofikisha operesheni 10 za umio kwa mwaka iache kabisa, na mwaka 2011 ikapandisha ikawa 20. Ujerumani ilikuwa na 10, na tangu 2023 inadai 26. Hizo ni nchi zenye barabara, ambulensi na bima. Wao pia walikuwa na wazee waliosema hospitali yetu inanyang'anywa kazi.

Sasa nije upande wako, diwani, kwa sababu sitaki uniweke kundi moja na watu wanaosema kila kitu kije Kampala.

Utafiti ule ule wa 2002 ulionyesha kwamba si kila operesheni inafaidika. Kusafisha mshipa mkubwa wa shingo, vifo vilikuwa asilimia 1.7 kwa zinazofanya kidogo na 1.5 kwa zinazofanya sana. Kuondoa figo, tofauti haikufika asilimia 2. Kwa tofauti ndogo kama hiyo huwezi kumwambia mtu wa Koboko auze ng'ombe asafiri. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu akasema "operesheni kubwa", mwambie azitaje moja moja kwa jina. Umio, kongosho, moyo, ubongo wa watoto, kupandikiza figo: hizo zikusanywe. Figo yenyewe ilipandikizwa nchini mara ya kwanza Mulago mwezi Desemba 2023, baada ya sheria ya viungo kupita mwaka huo huo. Hakuna mwenye akili atakayedai ianze mikoa yote kwa mpigo.

Lakini kuna tatu ambazo haziondoki kwenu hata dunia ipinduke. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilizitaja mwaka 2015: operesheni ya kujifungua, kufungua tumbo kwa dharura, na mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Tume hiyo iliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau watu 80 katika kila 100 waweze kuzifikia ndani ya saa mbili. Dereva wa Nebbi amezitaja zote tatu kutokana na uzoefu wake tu, na nimefurahi sana kuona hivyo.

Hofu ya wazee kwamba hospitali itakuwa ya malaria na panado ina msingi. Hatari haiko kwenye umio kuhamishwa. Umio kwenu ni wagonjwa wachache kwa mwaka. Hatari ni bingwa mwenyewe kuhamishwa pamoja nao, kisha daktari wa usingizi anamfuata, kisha sista mzoefu wa thieta anaomba uhamisho, na siku mama anapasuka kizazi hakuna mtu. Hapo ndipo mkazane. Daktari huyo abaki, afanye ngiri, utumbo uliojisokota, mifupa, matezi, afanye nyingi, na wauguzi wake wa usiku waongezwe.

Maana hata sisi Afrika tumepimwa. Utafiti uliofanywa katika nchi 25 za bara hili, ukatangazwa mwaka 2018, ulikuta waliokufa baada ya upasuaji ni asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe walikuwa vijana zaidi na wengi hawakuwa na magonjwa mengine. Na karibu wote hawakufia mezani. Walikufa siku iliyofuata au baadaye, wodini. Hizo ni operesheni za kawaida, na inayoongoza kwa wingi ni ya kujifungua. Jengo la kioo Kampala haliwezi kumfikia mgonjwa huyo. Anayemfikia ni muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali yenu.

---

Binti wa Kasese:

Sista, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini niruhusu niseme upande wa sisi tunaokaa nje ya wodi.

Nilimuuguza baba yangu Kampala. Jina la hospitali sitataja. Madaktari walifanya kazi nzuri, sina neno nao. Ila mimi nililala kwenye veranda juu ya mkeka na wengine wengi, na alfajiri walinzi wanatuamsha ili wafagie. Maji ya kuoga unanunua. Chakula cha mgonjwa unanunua au unapika kwa jiko la mkaa nyuma ya ukuta. Dawa nyingine wanakuandikia kikaratasi uende famasi ya mtaani. Kila siku moja ya kungoja foleni ya thieta ilikula fedha za kule nyumbani. Na mimi nilikuwa sijui Kiganda, nazungumza Kiswahili na Lukonzo, nikiuliza njia watu wananitazama kama mkimbizi. Serikali ilifuta malipo ya matibabu hospitali za umma mwaka 2001, ni kweli, lakini veranda haikufutwa.

Tuliporudi Kasese baba alikuwa na mpira wa kulishia tumboni. Hospitali ya karibu nasi hakuna aliyejua kuusafisha. Uliziba. Nesi mmoja mwenye huruma alimpigia simu rafiki yake aliyewahi kufanya kazi Kampala, akaelekezwa kwa simu jinsi ya kupitisha maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, polepole, huku mimi nimeshika taa. Mpira ukafunguka. Na mgonjwa ambaye nesi wake hana rafiki?

Halafu jambo lingine. Mkiweka kila kitu mahali pamoja, siku pakiharibika nchi nzima imeharibika. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya saratani ilikufa kabisa. Nchi nzima ilikuwa na hiyo moja tu. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure, na wale wengine? Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Ile haikuwa sera ya kukusanya huduma, ulikuwa umaskini, najua. Lakini anayekusanya lazima ajibu: cha pili kiko wapi?

---

Mwalimu, Mbale:

Naona wote mnasema Kampala, Kampala. Hospitali maalumu si lazima iwe Kampala.

Hapa Mbale, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji mkuu, ipo hospitali ya watoto ya CURE. Watoto wenye maji kichwani wanaletwa hapa kutoka kila pembe ya Uganda na kutoka nchi za jirani. Dakta Benjamin Warf alipokuwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliona tatizo: mtoto akiwekewa mpira wa kutoa maji kichwani, mpira ukiziba akiwa kijijini, anakufa kabla hajarudishwa. Ndipo akaunganisha njia mbili, kamera ndogo inayofungua mlango wa maji ndani ya ubongo, na kuchoma zile sehemu zinazotengeneza maji, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Aliweza kujua kwamba njia hiyo inafaa kwa sababu watoto walikuwa wengi mahali pamoja na aliwafuatilia. Leo madaktari wa nchi nyingine wanakuja kujifunza njia iliyotoka Mbale.

Na si sisi tu. Akina mama wa fistula wanakwenda Kitovu kule Masaka, na tangu 2019 wana hospitali yao ya Terrewode Soroti. Watoto wa upasuaji wana ile ya Entebbe iliyofunguliwa 2021, ambayo haitozi. Kwa hiyo diwani, badala ya kupinga, ulizeni ni huduma gani itapewa Arua au Gulu iwe yenu, na watu wa Kampala wapande basi waje huko.

---

Diwani wa Koboko:

Mungu awalipe. Nimewasomea wazee majibu yote baada ya sala ya Ijumaa, chini ya mwembe, na yale ya Sista niliyarudia mara mbili kwa sababu waliomba. Maneno ya mapigo ya moyo na mfuko wa mkojo yaliwanyamazisha. Mtoto mkubwa wa mzee alisema, basi daktari alitupenda. Yale ya Binti wa Kasese nayo yaliwagusa, hasa akina mama, maana wao ndio hulala kwenye hizo veranda.

Hoja ya kupinga nimeiacha. Sasa wananiuliza niandike nini badala yake. Sitaki kuandika mambo ya jumla kama "serikali iboreshe huduma", karatasi za namna hiyo zinajaza makabati. Sista, ungekuwa wewe ungeandika nini?

Na la pili, wanawe wanataka kuuza shamba wiki hii ili mzee asafiri. Wauze?

---

Sista wa Wodi ya Mahututi, Kampala:

Diwani, andika majina ya vitu.

Andika kwamba mgonjwa yeyote aliyeandikiwa rufaa ya operesheni iliyokusanywa apewe usafiri wa kwenda na kurudi kutoka fungu la wilaya, yeye na mtu mmoja wa kumuuguza, mafuta yakiwemo. Andika kwamba hospitali inayopokea iwe na mahali pa kulala wauguzaji, penye maji na jiko, na mtu wa mapokezi anayejua Kiswahili. Hiki ni lugha rasmi kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, kwa hiyo huombi fadhila. Andika kwamba barua ya kurudi nyumbani iwe na namba ya simu ya wodi, inayopokelewa usiku, na kwamba nesi mmoja wa hospitali yenu aletwe kila mwaka akae nasi wodini ajifunze mipira, mirija na vidonda. Nikiwa wodini ningempokea kwa mikono miwili. Hilo la Kasese la kupigiana simu kwa urafiki liwe utaratibu.

Andika pia kwamba bingwa wenu haondoki. Na kwamba hospitali itakayopewa kazi ngumu itangaze kila mwaka imefanya ngapi na wangapi wamekufa. Bila hiyo hesabu hamtajua kama mliwapeleka watu wenu mahali bora au mahali penye jina tu. Ukiulizwa kwa nini mnadai, jibu kwamba sera nzima imesimama juu ya hesabu hiyo.

Binti wa Kasese ameuliza cha pili kiko wapi. Mimi nakubaliana naye kabisa. Kwa nchi ya watu milioni 45.9, kama sensa ya 2024 ilivyohesabu, kituo kimoja cha jambo lolote ni kuchezea maisha. Viwe viwili au vitatu, vilivyo mbalimbali, na Mwalimu wa Mbale ametuonyesha kwamba inawezekana.

Kuhusu shamba: wasiuze bado. Kwanza mwombe daktari wenu ampigie simu mwenzake wa Kampala, watume picha na majibu ya kile kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa, ijulikane ugonjwa umefika wapi. Wagonjwa wa umio huku kwetu wengi hufika umeshasambaa, na hapo operesheni haimsaidii mtu, inamchosha tu. Mzee ambaye hata wali haupiti, lazima hilo liulizwe kabla ya safari. Kama umesambaa, kuna kibomba kidogo cha waya kinachopitishwa kwa kamera, kikapanua njia, akarudi kumeza chakula laini na kukaa na watu wake bila kupasuliwa kifua. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, nayo ni ya kijijini na imejijengea jina kwa kazi hiyo. Waulizeni madaktari ni wapi karibu zaidi atakipata. Kama haujasambaa, basi aje mapema, na asije akiwa na njaa. Uji uwekwe maziwa, mayai na karanga iliyosagwa vizuri, anywe kidogo kidogo kutwa nzima, uzito usiendelee kushuka. Uzito wake wa leo waupime, wauandike kwenye karatasi waje nao, maana jambo la kwanza tutakalouliza ni amepungua kiasi gani.